Uzi maalumu: Kwa nini watu huishiwa subira wakati wa vizuizi vya janga, na nini hasa hufupisha siku za kukaa ndani

Mizani (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu.

Kila tukizungumzia zile siku za korona, habari ikifika kwa watu waliochoka kukaa ndani, hukumu hutoka mara moja: raia wakaidi, hawasikii, dawa yao fimbo. Naomba tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Uchovu wa vizuizi una sababu, na nyingi kati yake zinapimika. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliandika mwongozo mzima juu ya uchovu huu mwaka 2020, na ikauita jambo la kutarajiwa pale dhiki inaporefuka.

Naanza na hesabu, kwa kuwa nung'uniko la kwanza lilikuwa hili: "Tumekaa ndani wiki tatu, mbona namba hazishuki?"

Chukua wagonjwa wapya 1,000 kwa siku. Tuseme lengo ni kufika 50, ili wafuatiliaji waweze kumpigia simu kila mgonjwa na kuwapata aliotangamana nao. Kwa virusi vya korona vya 2020, kutoka mtu kuambukizwa hadi kumwambukiza mwenzake zilipita kama siku 5. Sasa tazama:

Kila mgonjwa akiambukiza wastani wa watu 0.7, mnafika 50 baada ya siku 42 hivi.
Akiambukiza 0.8, ni siku 67.
Akiambukiza 0.9, ni siku 142.

Mtaani huwezi kuiona kwa macho tofauti ya 0.7 na 0.9. Ni kaya kadhaa zilizoendelea kualikana, na ofisi zilizowalazimisha watu kuja wakati kazi ingefanyika nyumbani. Lakini tofauti hiyo ndogo inawagharimu wote siku 100 zaidi. Ndiyo maana nasema vizuizi vya nusunusu ndivyo vinavyochosha kuliko vyote: watu wanaumia karibu sawa na wa vizuizi kamili, ila mwisho haufiki. Na wakishachoka, 0.8 inapanda kuwa 0.9, mwisho unasogea tena.

Kipimajoto

Mkuu Mizani, nakazia hapo, ila ongeza jambo la ucheleweshaji, maana ndilo lililovunja imani ya wengi.

Namba inayosomwa jioni kwenye taarifa ya habari haielezi leo. Mtu akiambukizwa, dalili huja baada ya wastani wa siku 5 (wengine hadi 14). Anakaa siku mbili tatu akidhani ni mafua. Anapimwa, majibu yanachukua siku moja hadi tatu, halafu takwimu zinakusanywa. Kwa hiyo wagonjwa wanaotangazwa leo waliambukizwa kama siku 10 zilizopita. Kulazwa hospitali huja baadaye kidogo, na vifo huakisi maambukizi ya wiki tatu au nne nyuma.

Kisha kuna maambukizi ya ndani. Siku milango inafungwa, wapo ambao tayari wameshaambukizwa na wamefungiwa pamoja na jamaa zao. Mmoja anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu. Mpaka mnyororo huo uishe ndani ya kaya, namba huendelea kupanda hata kama barabara ni tupu kabisa. Asiyeelezwa haya siku ya kwanza, wiki ya pili atasema vizuizi havifanyi kazi, na kwa alichoonyeshwa huwezi kumlaumu.

Jingine: msisome namba ya siku moja. Mwishoni mwa juma maabara na ofisi hufanya kazi kidogo, namba zinashuka, halafu katikati ya juma zinaruka. Tumieni wastani wa siku 7. Na angalieni asilimia ya vipimo vilivyotoka na maambukizi. Mei 2020 WHO walipendekeza ikae chini ya 5% kwa wiki mbili kabla ya kulegeza. Wagonjwa wakipungua huku asilimia hiyo ikipanda, maana yake mmepunguza kupima.

Nanga

Swali kwa wenye ujuzi: kama tatizo ni kutoona mwisho, kwa nini isitangazwe tu tarehe? Wiki nne, basi.

Ngariba wa Takwimu

Nanga, tarehe peke yake ni mtego. Ikifika na hali haijatulia, mnaongeza wiki mbili, kisha mbili nyingine. Kila nyongeza inasomeka kama ahadi iliyovunjwa, hata kama aliyetangaza hakuahidi kitu. Watu hupanga maisha kwa ile tarehe: kodi, akiba, safari, hata ule uvumilivu wenyewe wanaugawanya ufike siku ile. Ukiisogeza, unawakuta mikono mitupu.

Kinachosaidia ni kutangaza kipimo. Semeni: tukifikia wastani fulani wa wagonjwa wapya, tutafungua hiki, tukishuka hapa, tutafungua kile. New Zealand walitangaza ngazi zao nne tarehe 21 Machi 2020, kabla hawajafunga, kila ngazi na ruhusa zake. Mtu alijua yuko ya ngapi na inayofuata inamfungulia nini. Melbourne, Australia, katika kile kifungo cha pili cha kukaa ndani kilichofika siku 112, ramani ya kutoka ilitolewa tarehe 6 Septemba 2020 ikitumia wastani wa wagonjwa wa siku 14. Kilikuwa kifungo kigumu mno: mwisho kilomita 5 kutoka nyumbani, na kwa muda saa moja tu ya mazoezi nje. Lakini watu waliweza kuifuata namba kila asubuhi wakijua inawapeleka wapi. Tarehe 26 Oktoba walitangaza wagonjwa wapya sifuri, na vizuizi vikuu vikaanza kuondoka usiku wa siku iliyofuata.

Na namna ya kutangaza ina uzito uleule. Italia, Machi 2020, rasimu ya amri ya kufunga Lombardia, jimbo la kaskazini, ilivuja kabla ya kusainiwa, watu wakakimbilia treni za kwenda kusini usiku huohuo. India, tarehe 24 Machi 2020, tangazo lilitoka saa mbili usiku, utekelezaji saa sita usiku. Saa nne tu kwa nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, na vibarua waliokuwa mbali na kwao wakaishia kutembea kwa miguu mamia ya kilomita. Ukitoa notisi ndefu, watu wanatawanyika na ugonjwa. Ukitoa fupi mno, wanakwama bila chakula. Jibu liko katika maandalizi: usafiri, malazi na posho viwe tayari kabla mtu hajasogelea kipaza sauti.

Foleni

Naomba nizungumzie foleni, maana hasira nyingi za zile siku zilizaliwa pale na si nyumbani.

Duka linaloruhusiwa watu 20 kwa wakati mmoja, kila mteja akikaa dakika 15, linahudumia watu 80 kwa saa. Wakifika 200 saa ya kufungua, 20 wanaingia, 180 wanabaki nje, na wa mwisho ataingia baada ya saa 2 na dakika 15. Mstari wa watu 180 wenye nafasi ya mita 2 una urefu wa mita 360. Hakuna kibaraza chenye urefu huo. Unakunja kona, unajikunja tena, watu wanasimama ubavu kwa ubavu na ile nafasi ya mita 2 inabaki kwenye rangi ya sakafu tu.

Rekebisha vitu viwili. Kwanza punguza muda wa ndani: bidhaa zinazotafutwa sana ziwekwe karibu na mlango, mteja aje na orodha, kuingia kuwe mlango mmoja na kutoka mwingine. Dakika 15 zikiwa 10, unahudumia watu 120 kwa saa, na yule wa mwisho anaingia baada ya saa moja na nusu. Pili, gawanya siku kwa namba ya mwisho ya kitambulisho: shufwa leo, witiri kesho. Sasa wanakuja 100, wanaobaki nje ni 80, wa mwisho anasubiri dakika 40. Wateja ni walewale, duka ni lilelile, ila mtu wa dakika 40 hatukani mlinzi. Wazee na wajawazito wapewe saa ya kwanza, kabla hewa ya ndani haijapumuliwa na wengine.

Kosa kubwa lilikuwa kupunguza saa za kufungua. Wateja 1,200 katika saa 12 ni 100 kwa saa. Kata saa ziwe 6, wanakuwa 200 kwa saa, yaani umeongeza msongamano mara mbili kwa jina la kuuzuia. Kafyu ya mapema ina kasoro ileile. Kenya ilianza kafyu ya saa moja jioni tarehe 27 Machi 2020, na siku hiyohiyo pale kivuko cha Likoni, Mombasa, umati wa waliokuwa wakikimbizana na saa ulibanana, polisi wakatumia mabomu ya machozi na virungu. Ukiweka saa ya mwisho, hesabu kwanza vyombo vya usafiri vinabeba wangapi kwa saa, kisha rudi nyuma kutoka saa hiyo ili ujue waajiri waanze kuwaachia watu saa ngapi.

Tegemeo

Wakuu, mnaongea vizuri lakini mnamzungumzia mtu mwenye akiba. Wa kibarua cha kutwa subira yake ina urefu wa unga uliobaki kwenye debe. Huyo kumwita mkaidi ni kumdhulumu.

Mpangilio unatakiwa uwe hivi: orodha ya kaya kwanza, fedha au chakula pili, kufunga tatu. Ukianza na kufunga, orodha ikaandikwa wiki ya pili, huyu ameshatoka siku ya tatu na amezoea kukwepa doria. Kumrudisha ndani baadaye ni kazi maradufu. Fedha kwa simu ni bora kuliko kugawa magunia uwanjani, kwa kuwa ugawaji wa uwanjani wenyewe ni mkusanyiko. Ila asiye na simu au kitambulisho aandikwe na kiongozi wa mtaa, na jina libandikwe wazi ili aliyeachwa aweze kulalamika siku hiyohiyo.

Na maji. Mnasema "kaa nyumbani" kwa mtu anayechota kwenye bomba la wote. Kwa lita 20 kwa kila mtu, kaya ya watu 5 inahitaji madumu 5 ya lita 20 kila siku. Hizo ni safari, na kila safari ina foleni. Afadhali kuongeza vituo vya kuchotea maji au kuleta maji kwa gari kwa zamu za mitaa kuliko kuongeza askari. Penye uhaba, kibuyu chirizi cha dumu la lita 5 kinachoinamishwa kwa mguu kinaokoa maji mengi, na mkono haugusi bomba.

Mizani (mleta mada)

Tegemeo, nakubali, na umenifanya niirekebishe hoja yangu ya mwanzo. Ile 0.7 haipatikani kwa amri. Inapatikana pale ambapo kukaa ndani kunawezekana.

Wodi ya Nne

Niongeze upande wa kumuuguza mtu nyumbani, hasa kwenye chumba kimoja, kwani miongozo mingi iliandikwa kwa wenye vyumba vya ziada.

Mgonjwa alale karibu na dirisha linalotoa hewa nje, si linaloiingiza ndani. Shika kipande cha karatasi nyepesi dirishani uone kinapeperukia wapi. Kukiwa na feni, igeuzwe itazame nje dirishani, itoe hewa. Ikimpulizia mgonjwa kuelekea kwa wengine, inasambaza. Vitanda viwe kichwa kwa miguu, umbali usipungue mita moja, na ikiwezekana zaidi. Mgonjwa avae barakoa wengine wanapokuwa chumbani. Mwuguzaji awe mmoja, si leo huyu kesho yule. Choo cha pamoja mgonjwa akitumie wa mwisho, dirisha libaki wazi baada yake.

Kipima oksijeni cha kidole kiliwatia watu hofu bure kwa sababu kilitumiwa vibaya. Keti utulie dakika 5. Futa rangi ya kucha au hina. Kidole kiwe cha moto, mkono utulie kifuani. Subiri namba itulie kwa dakika nzima, ndipo uandike pamoja na saa. Ikisoma 94 au chini, mpigie mtoa huduma wa afya. Chini ya 90 ni dharura, usisubiri asubuhi. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo mtu anayehema haraka, midomo imebadilika rangi au amechanganyikiwa, mpelekeni hata kama namba inapendeza.

Mtulivu

Na usafi wa nyumba? Kipimo cha jiki ni kizibo kimoja kwa ndoo, si ndiyo?

Wodi ya Nne

Hapana, Mtulivu, na hili ni la kurekebisha mapema. Vizibo havilingani, ndoo hazilingani, na jiki zenyewe hazilingani nguvu. Soma asilimia kwenye chupa. Unayotaka kwa kufutia nyuso ni 0.1%. Gawanya asilimia ya chupa kwa 0.1, toa moja: hayo ndiyo mafungu ya maji kwa fungu moja la jiki. Ya 5% inataka mafungu 49 ya maji, yaani mililita 20 za jiki, kisha maji mpaka itimie lita moja. Ya 3.5% inataka mafungu 34, yaani kama mililita 29 kwa lita.

Osha kwanza kwa sabuni, kwani uchafu unaimaliza nguvu klorini. Uso ubaki umelowa angalau dakika moja. Changanya ya siku hiyo tu, ya jana imeshapungua nguvu. Na kamwe usiichanganye na dawa ya chooni yenye asidi wala yenye amonia, hutoa gesi inayochoma mapafu. Tena usikeshe ukifuta. Kwa korona njia kuu ilikuwa hewa ya ndani, si meza. Saa mbili za kufuta vitasa huku madirisha yamefungwa ni jasho la bure.

Upepo

Hapo kwenye hewa ndipo palipopotea subira nyingi bila faida. Sehemu nyingi duniani zilifunga ufukwe na bustani, watu wakahamia sebuleni kwa jirani, mlango umefungwa wasionekane. Umewanyang'anya mahali salama zaidi ukawaachia pa hatari zaidi. Kama unataka watu wavumilie miezi, waachie nje: watembee, wakae kwa nafasi, watoto wakimbie.

Ndani ya majengo, WHO walipendekeza lita 10 za hewa mpya kwa sekunde kwa kila mtu katika sehemu zisizo za makazi. Huwezi kuzipima kwa pua, lakini kipimo cha hewa ukaa kinasaidia: nje ni kama sehemu 420 kwa milioni, ndani ikipita 800 watu wanapumua pumzi za wenzao kupita kiasi. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana. La upande mmoja tu hata liwe kubwa namna gani halivuti sawasawa.

Darasa la Jikoni

Nami niguse wanaogombana ndani, kwa sababu kuvunja amri mara nyingi huanza kwa ugomvi: mtu anatoka "kununua chumvi" ili tu asisikie sauti.

Watu wa kaya moja hawagombani kwa kuchukiana, wanagombana kwa kukosa upweke na kimya. Gawaneni saa, kama hamwezi kugawana vyumba. Kila mtu apate saa yake ya kutosemeshwa, watoto wakiwemo, na kona yake hata kama ni mkeka. Simu za kazi zipangwe ubaoni ili wawili wasiongee kwa pamoja. Saa ya kuamka isibadilike hata kama hakuna pa kwenda, na nusu saa ya kwanza ikaliwe penye mwanga wa jua, kwani mwili unaweka saa yake kwa mwanga huo. Asiyepata mwanga asubuhi huchelewa kulala, na asiyelala hana subira na mtu.

Kwa watoto, vipindi vifupi vya dakika 20 hadi 30 kwa wa shule ya msingi, na mapumziko ya kutumia mwili kati yake. Shule ziwe za kufungwa mwisho na kufunguliwa mwanzo. Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, na muda huo hakuna redio wala karatasi za mazoezi zinazoweza kuufidia.

Na kwa baadhi ya watu nyumbani ndiko penye kipigo. Amri yoyote ya kutotoka iseme waziwazi kwamba anayekimbia kupigwa haulizwi kibali cha kutembea, na askari wa doria wafundishwe hilo kabla ya siku ya kwanza.

Nanga

Nimeelewa kuhusu tarehe. Sasa swali la mwisho: kulegeza kunaendaje? Maana pale ndipo kila mtu huwa tayari ameshalegeza mwenyewe.

Mizani (mleta mada)

Nanga, legeza kitu kimoja, kisha subiri. Aprili 2020 WHO walishauri angalau wiki mbili kati ya hatua na hatua, na sababu ni ule ucheleweshaji alioueleza Kipimajoto: kabla ya siku 14 unachosoma ni matokeo ya hatua iliyopita. Ukifungua masoko, ibada na usafiri siku moja, namba zikipanda hutajua ni kipi, na utalazimika kufunga vyote.

Anza na vya nje, kisha shule, kisha sehemu za ndani zenye madirisha, mwisho za ndani zenye kelele ambako watu hupaza sauti karibu karibu. Katika janga la mafua la 1918, San Francisco, Marekani, waliondoa amri ya barakoa Novemba 1918 kwa shangwe, na Januari 1919 wakairudisha. Safari ya pili upinzani ulikuwa mkali, hadi watu wakaunda umoja wa kuipinga. Kwa hiyo tangazo la kulegeza liwe na namba mbili: ya kuendelea mbele, na ya kurudi nyuma. Ikitajwa mapema, siku ya kurudi hakuna wa kusema amegeukwa.

Na siku ya kulegeza, wafuatiliaji waongezwe badala ya kurudishwa makwao. Kila mgonjwa mpya apigiwe simu ndani ya saa 24, aulizwe alikuwa wapi siku mbili kabla ya dalili, na waliokuwa naye waambiwe siku hiyohiyo. Anayetakiwa kujitenga siku 14 apelekewe chakula na karatasi ya kumwonyesha mwajiri.